Wadogo zangu wa mitambo ya muziki, kunjueni waya

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sendofu Tabata, mgeni mwalikwa, nimevaa shati langu zuri. Hata supu haijafika mezani, nikasikia harufu ya plastiki inayoiva. Nikaifuata hadi nyuma ya jukwaa. Ekstensheni ya roli ilikuwa imesukumwa chini ya zulia, waya karibu wote bado umejizungusha, na spika nne zinakula umeme hapohapo. Nikaweka kiganja, nikakitoa haraka. Kijana wa kwenye miksa, mashine ya kuchanganya sauti, akaniambia, "Shikamoo mzee. Mbona iko sawa, inapiga!"

Inapiga, ndiyo. Hata mimi nilisema hivyohivyo miaka yangu ya mwanzo. Kwa hiyo leo nawaandikia, na mnisome hadi mwisho.

1. Piga hesabu kabla ya kuchomeka. Soketi zetu za miguu mitatu ni za ampea 13, umeme ni volti 230. Ukizidisha unapata wati 2,990, na huo ndio ukingo, si mahali pa kukaa usiku kucha. Yale maandishi ya wati 1,000 mbele ya spika yasikutishe, ni nguvu ya juu kabisa ya amplifaya yake, si umeme inaokula muda wote. Geuza spika, soma pale waya wa umeme unapoingia. Muziki unapanda na kushuka, ndiyo maana viwanda vingi hupima ulaji wa umeme kwa sehemu moja ya nane ya nguvu ya amplifaya. Spika mbili za juu, bezi mbili na miksa kwa kawaida hukaa vizuri kwenye soketi moja. Kinachowaangusha ni birika. Akina mama wa chakula nawapenda, wananifunikia sahani kabla hata maharusi hawajala, lakini birika la umeme mara nyingi ni wati 2,000, na wakiona tundu wazi kwenye ekstensheni yako hawaulizi. Ziba matundu kwa selotepu.

2. Kunjua waya wote, hata kama soketi iko hatua tano. Waya wa milimita za mraba 1.5, urefu mita 50, ukipitisha ampea 10 unatoa joto la wati 130 hivi. Ukitandazwa chini, joto hilo linapotea hewani. Ukiachwa kwenye roli, ni sawa na kufunga balbu mbili za wati 60 ndani ya blanketi. Roli nyingi zimeandikwa ubavuni wati za kukunjwa na wati za kukunjuliwa. Tofauti yake ni kubwa.

3. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, hauchomolewi. Hapa naomba mnivumilie.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, mkutano wa injili wa nje, Mbagala, mvua imenyesha mchana kutwa. Miksa na spika nilizilisha kutoka nyumba ya kushoto. Gita na amplifaya yake vikapata umeme wa nyumba ya kulia, kwa sababu ekstensheni yangu haikufika na niliona uvivu kurudi stoo. Tulipowasha, spika zikaanza kuunguruma, ule mlio wa mmmm mnaoujua. Dawa yake ilikuwa kuleta kila kitu kwenye soketi moja, ili vyombo vyote viwe na ethi moja. Niliijua dawa hiyo. Lakini kwaya ilikuwa imeshajipanga, mchungaji ananitazama, nami nikafungua plagi ya ekstensheni yangu, nikachomoa waya wa kijani na njano, nikafunga. Mlio ukakatika palepale. Watu wakanipongeza, nami nikapokea.

Katikati ya nyimbo, waya wa sauti kutoka amplifaya ya gita hadi miksa ukachomoka. Kisha ndani ya amplifaya moja ya spika za bezi, waya uliochubuka ukagusa bodi ya chuma. Laiti ethi ingekuwepo, fyuzi ingekatika palepale na tungeuona ubovu. Bila ethi, umeme ukakaa kimya kwenye bodi, ukapita kwenye waya za sauti hadi miksa, kutoka miksa hadi kichwa cha maiki. Mpiga gita akashika nyuzi kwa mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye maiki aitikie kiitikio. Nyuzi zilikuwa na ethi ya nyumba ya kulia. Maiki haikuwa na kitu ila umeme.

Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, gita likiwa kifuani, na kwa sekunde mbili tatu wenzake walidhani ni upako. Mimi ndiye niliyejua. Nilikimbia nikang'oa plagi, akaanguka kwenye tope. Alipona, namshukuru Mungu kila ninapofunga mitambo. Ila hospitalini nilikaa naye hadi asubuhi, na vidole vyake vinne vilikuwa na mistari myeusi iliyonyooka, nyuzi zilipopita. Mama yake alinishukuru kwa kumleta mwanawe hospitali. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilimwambia baada ya wiki mbili, nyumbani kwake, na akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

4. Fyuzi ikikatika, weka fyuzi. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi.

5. Miksa iwake kwanza, spika mwisho, moja moja. Kuzima ni kinyume chake.

6. Unganisho la ekstensheni likae juu ya kiti au tofali, lisilale kwenye majani yenye umande.

Yule kijana wa Tabata tulisaidiana kuukunjua waya pembeni ya ukuta, mita zote, haikuchukua dakika nne. Jumamosi hii nina kazi Kimara. Anayetaka kujifunza aje saa nne asubuhi, kabla spika hazijashushwa garini.