Jibu: Mwasikiliza nini mkichora?

Dadangu, umeuliza sisi wachoraji twasikiliza nini studio maana wewe kimya chakutia usingizi. Mie hapa Kibokoni, Mombasa, nikianza turubai, nikijaza mbingu na bahari kwa brashi pana, naweka taarabu za Juma Bhalo kwa sauti mpaka jirani asikie, mkono wenyewe wafuata ngoma. Lakini nikifika kwenye kamba za jahazi ama jicho la mtu nazima maneno yote, kwa sababu mashairi ya Bhalo yataka uyasikilize na ukiyasikiliza brashi yasimama, rangi ya akriliki nayo kwa joto letu hili yakauka ungali wafikiria ubeti. Hapo naweka muziki wa udi mtupu, ile ala ya nyuzi, bila mwimbaji, ama nafungua dirisha nasikiliza mikokoteni ikipita chini.

Na usidhani muziki ni anasa tu, Mondrian yule mchoraji Mholanzi alihamia New York 1940 akaipenda bugi-wugi, muziki wa piano wa mdundo wa kasi, mpaka ikaingia kwenye picha yake ya 1942–43, vile viboksi vya manjano na vyekundu vyarukaruka kama vidole kwenye piano. Jaribu udi kwanza, wiki nzima, halafu uniambie mkono wako wafanyaje.