Mfarishi wa Bibi, Kabla Hujaupeleka kwa Fundi

Mfarishi wa bibi yangu, tandiko la kulalia la vipande vya kanga vilivyoshonwa pamoja, umechanika mara mbili. Mara ya kwanza ulichanika kwa uzee, pale katikati ambapo watu wamelala miaka yote. Mara ya pili nilisababisha mimi. Niliupeleka kwa fundi cherehani hapa Mtwara, nikamwambia, "Fundi, niimarishie huu." Naye akafanya nilichomwomba: akabandika viraka vya kitenge kipya juu ya matobo, akazungushia mshono wa cherehani mara mbili mbili. Ulirudi umekaza kama turubai, nikafurahi sana. Miezi mitatu haikupita, kanga ikakatika kwa kufuata ule mstari wa sindano. Kiraka kilibaki kizima, ila pembeni yake kote pameachia.

Nimelia kwa ajili ya mfarishi ule, na sioni aibu kusema. Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi huku kusini zina kitu kama hicho ndani ya sanduku, na mtu wa kwanza kufikiriwa ni fundi mwenye cherehani.

Cherehani inatoboa tundu jipya kila baada ya milimita mbili tatu. Pamba changa inavumilia, lakini pamba iliyolaliwa na kufuliwa miaka arobaini haivumilii. Halafu uzi wa siku hizi wa polista una nguvu kuliko kitambaa chenyewe, kwa hiyo ukivutwa, kinachokatika ni kitambaa. Juu ya hapo kitenge kipya kina dondo na uzito, na kikifuliwa kinasinyaa, kinakokota kila kilichoshonewa. Tangu siku ile nimeshika jambo moja: kitambaa kilichochoka usikiongezee nguvu, kipunguzie kazi. Mzigo ubebwe na kitambaa kingine kilicho nyuma yake.

Mfarishi wenyewe bibi aliushona kwa mkono, Mikindani. Juu ni vipande vya kanga, chini ni kaniki, katikati kuna shuka kuukuu badala ya pamba, maana kwa joto letu pamba ya nini. Kanga nyingine alizitoa mwilini mwake, nyingine ni za dada zake. Ndiyo maana kabla ya kugusa uzi wowote nilikwenda kwa mama mdogo. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, hata kama mfarishi uko kwako na hakuna anayeuuliza. Siku utakapoukata ndipo watakapojitokeza wenyewe. Mama mdogo aliushika, akasema, "Mwanangu, hii nyekundu ni ya ndoa yangu." Ilikuwa kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nami siku zote niliiona kama kitambaa tu cha pembeni. Niliandika kila alichonieleza kwenye karatasi, kipande kwa kipande, na kuupiga picha mfarishi wote pande mbili.

Usome pia mfarishi wako. Kanga za mwanzo zenye maandishi ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo ukikuta kipande cha namna hiyo, kisiguswe na mkasi kabisa. Tazama karibu na jina la kanga kama kuna alama ya mwenye mali. Kwenye kipande kimoja nilikuta "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya wafanyabiashara wa kanga wa Mombasa.

Kufua ndiko kunakoua mifarishi mingi. Jaribu rangi kwanza: lowesha pamba nyeupe, ibonyeze dakika moja juu ya kila rangi. Nyekundu yangu ilichuja, na chumvi haikusaidia kitu. Sehemu hiyo sikuifua tena, niliifuta tu kwa kitambaa chenye unyevu. Nyingine niliziloweka kwenye beseni la maji ya baridi na sabuni kidogo ya maji, nikazibonyeza kwa viganja bila kusugua wala kukamua. Dawa ya kung'arisha nguo iache mbali. Na usiuanike kwenye kamba, kwa sababu maji yakijaa, uzito wake peke yake unachana. Utandaze kivulini juu ya mkeka. Mimi nasubiri kusi, mvua zikishakatika, maana masika kitambaa kinene hakikauki vizuri na ukungu unaingia.

Lipo doa la bibo, kubwa kama kiganja, la kahawia. Kila aliyekulia kwenye mikorosho anajua kwamba maji ya bibo yakishaingia kwenye nguo yameingia. Nililiacha. Kulipigania ni kukipoteza kipande kizima.

Sasa kushona. Nilifumua kazi yote ya cherehani kwa ncha ya sindano, jioni tisa mfululizo. Kisha nikanunua shuka jeupe la pamba la mtumba, laini, ambalo limeshafuliwa mara nyingi na halitasinyaa tena. Nikalitandaza sakafuni, nikaulaza mfarishi juu yake bila kuuvuta, nikapiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono kutoka katikati kwenda nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Ukianzia pembeni, kitambaa kitajikusanya katikati. Tumia uzi wa pamba, na uulegeze kidogo. Ukivutwa, uzi ukatike kwanza. Uzi unarudishiwa, kanga ya bibi hairudi.

Kiraka kinaingia chini ya tobo, kikizidi vidole viwili kila upande. Kingo zilizofumuka usizikate, zilaze juu ya kiraka na uzishike kwa mishono midogo. Viraka vyangu vilitoka kwenye kanga chakavu za mama, zilizopauka kwa kiasi kilekile, na ukiwa hatua tatu huvioni. Pale ambapo nyuzi za upande mmoja zilikuwa bado zipo, mama mdogo alinifundisha kutililia: sindano inapita juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, mpaka tobo lijae. Na pini usizilaze ndani ya kitambaa, kwa hewa yetu ya bahari. Nilizisahau siku mbili, zikaacha nukta za kutu.

Ile kisutu ilikuwa imebaki nyuzi tu. Hapo nililaza juu yake kipande cha mtandio mwepesi unaoonyesha, nikashona kuzunguka pembeni, nje ya sehemu iliyokufa. Nyekundu inaonekana, na hakuna kidole kinachoigusa.

Kama mfarishi wako umekufa zaidi ya huu wangu, chagua sehemu nzima moja na uiokoe hiyo. Itafaa foronya ya mto usiolaliwa, au pambo la ukutani lililoshonewa shuka nyuma, mbali na dirisha, maana jua linakula rangi. Mkoba sikushauri, na mbeleko usijaribu kabisa, mtoto ni mzigo.

Kuhifadhi ni kazi nyepesi. Usiufunge kwenye nailoni, jasho litaugeuza ukungu. Utie ndani ya foronya safi ya pamba, na ndani ya sanduku utandike kitambaa ili usigusane na mbao. Mimi naweka majani makavu ya mwarobaini, nimeyafunga kwenye kitambaa chake yasije yakaacha rangi. Kila baada ya miezi michache utoe, uangalie kama mende au panya wameingia, uukunje kwa mistari tofauti na ya mwanzo. Kitambaa cha zamani kinakatikia kwenye mkunjo.

Binamu yangu wa Lindi alipojifungua aliomba mtoto alazwe juu ya mfarishi siku ya arobaini. Niliupeleka kwenye foronya yake, nimeupakata njia nzima. Tuliutandika juu ya mkeka, tukaweka shuka juu, mtoto akalala saa nzima, mama mdogo kakaa upande wa kisutu. Alipoamka niliukunja mara tatu kwa urefu, maana safari ya mwisho nilikuwa nimeukunja kwa upana.