Mafua na mbio za kilomita 21

SWALI: Zimebaki wiki tatu nikimbie kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, Moshi. Nina mafua, homa imeshuka jana. Nianze lini mazoezi?

JIBU: Zipite kwanza saa 24 bila homa na bila panadol, maana panadol huificha homa. Kisha kilomita 4 tu, mwendo wa kuweza kupiga soga. Pima mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani: yakizidi kawaida yako kwa 10 kwa dakika, lala. Kikohozi kikiwa cha kifuani, au mwili ukiuma, usikimbie kabisa. Virusi vinaweza kuvimbisha misuli ya moyo. Na usifidie kilomita ulizokosa, wengi huharibikia hapo! Kilomita 16 mara moja, siku 10 kabla, zinatosha. Tafuta mlima, kwani njia ya mbio hizo, kuelekea Mweka, hupanda kwelikweli.