Wakala akivuka mipaka, nani anabanwa?
Umeuliza kama kampuni inaweza kuukana mkataba kwa sababu meneja wake wa mauzo alikupa punguzo asiloruhusiwa kutoa. Kwa nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mara nyingi haiwezi. Kinachotazamwa si maagizo yao ya ndani, bali kampuni yenyewe ilikuonyesha nini: ikimpa mtu cheo na kumwacha ajadili bei na wateja, imekuaminisha kwamba ana mamlaka. Kauli ya wakala (hapa, huyo meneja) peke yake, "nimeruhusiwa", haitoshi. Na kama ulijua mipaka yake, hapo huna hoja.

Kampuni ikikataa kukuletea mzigo kwa bei hiyo, fidia ya kawaida ni tofauti kati ya bei mliyokubaliana na bei ya soko siku mzigo ulipotakiwa kufika. Faida uliyoikosa kwa mteja uliyetaka kumuuzia mzigo huo ni ngumu zaidi kudai: tangu kesi ya Uingereza ya Hadley dhidi ya Baxendale, 1854, hasara isiyo ya kawaida hulipwa tu ikiwa muuzaji aliijua mlipoingia mkataba. Zitafute barua pepe ulizomtajia huyo mteja! Tena ukiweza kununua kwingine, nunua sasa, maana hasara uliyoweza kuiepuka hulipwi.