Barua kwa mwanangu: propela ya baba yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kwamba hatimaye ninaye mtoto anayewaza mafuriko kabla ya mawingu. Unasema fedha uliyoweka inatosha gari moja tu la fowili, linalovutwa na magurudumu yote manne, la kukaa tayari kwa siku mbaya, na kwamba umebakiwa na mawili ya bei ileile: Land Cruiser kuukuu lenye injini ya 1HZ, na Suzuki Jimny lenye nusu ya umri wake. Unataka nikuambie uchukue lipi. Mara ya pili nilicheka, maana mjuzi wa magari katika nyumba hii ni kaka yako, akisikilizwa mwenyewe anavyojisema. Mara ya tatu nilikumbuka usiku ule wa bibi yako, nikaweka simu chini, nikaenda kufagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa.

Haya. Nianze na ulichouliza, usije ukasema mama amekwepa.

Hiyo 1HZ naijua. Silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo wala kompyuta ya kuipangia mafuta. Toyota waliianza mwaka 1990, na fundi yeyote mwenye mvi ameshaifungua. Ukiipa dizeli safi, hewa, na betri ya kuishtua, inawaka. Ubaya wake ni kwamba haina haraka, inakunywa, na gari lenyewe linapita tani mbili. Barabarani uzito ni raha. Kwenye tope uzito ni deni.

Jimny watu hulicheka kwa umbo, nami nililicheka. Lakini lile la kizazi cha 1998 hadi 2018 limejengwa kama lori dogo: chasisi ya peke yake chini ya bodi, ekseli ngumu mbele na nyuma, na gia nzito ya kupandia. Uzito wake ni tani moja hivi. Linapita pale kubwa linapozama, na likikwama, watu wanne na ubao wanatosha. Ila viti ni vinne, na ukiviinua vya nyuma hapabaki pa kuweka hata begi la mtoto. Ninyi mko wanne. Mama mkwe wako wa tano. Hesabu hiyo hukuifanya, au uliifanya ukanificha.

Tena angalia kama fowili yake inaingia kwa mti wa gia au kwa kitufe. Mengi ya baadaye ni kitufe, na loki za magurudumu ya mbele, zile zinazoyaunganisha na ekseli, zinafungwa kwa kuvutwa hewa kupitia vijibomba vya mpira. Mpira unazeeka, unapasuka, na gurudumu la mbele halifungwi. Wewe umebonyeza, roho imetulia, kumbe magurudumu ya mbele yanabembea tu.

Unaona, nimeshaanza kuchagua. Sichagui. Mnanicheka kila nikisema, lakini nasema tena: kitu usichokijua siku ya jua, hakikujui siku ya mvua. Na hili silisemi kwa sababu ya Jimny.

Usiku ule ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka tisa, na najua unachokumbuka ni zulia. Ulikuwa kiti cha nyuma umempakata bibi kichwa, naye anavuta pumzi kama mtu anayekunywa kwa mrija uliobanwa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani kwa sababu baba yako alikuwa na plasta mkononi, mambo ya ile ngazi. Mvua ilikuwa ya siku ya tatu. Njia za kwenda hospitali zilikuwa mbili: ya mlimani, ndefu lakini ya changarawe, na ya bondeni, nusu ya urefu na tope tupu. Nikasema, si tuna fowili? Tukashuka bondeni.

Kabla ya tope nilisimama, nikateremka, nikazizungusha loki za mbele kwa mkono, zote mbili, kama nilivyofundishwa. Nikarudi, nikavuta ile gia ndogo ya fowili. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Nakumbuka nilivyoiangalia ile taa, nikajiona dereva. Tukaenda mita mia hivi, gari likakaa. Nikiongeza mafuta, magurudumu ya nyuma yanachimba, ya mbele yamesimama kimya kama wageni. Taa bado ya kijani.

Nikachukua tochi nikaingia chini ya gari, kwenye tope, na nguo zangu zote. Gari la fowili lina propela mbili, mwanangu, mihimili inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Moja inatoka katikati kwenda difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, nyingine inakwenda difu ya mbele. Nikaimulika ya nyuma, ipo. Nikamulika mbele. Palikuwa na hewa. Taa inawashwa na gia ikiingia pale katikati, haijui kama mbele kuna kitu cha kuzungusha au hakuna.

Nilipotoka chini nilipiga kelele ambazo nadhani bonde zima lilizisikia. Nilimtukana aliyetuuzia gari, nikamtukana na fundi. Baba yako alisimama kwenye mvua na plasta yake imefungwa mfuko wa plastiki, akasema neno moja tu: "Tusukume." Wakaja majirani. Akapanda kijana mmoja kwetu akarudi na zulia la sebuleni, tukalitandika chini ya magurudumu, tukatoka hatua kwa hatua. Hadi leo sebule yetu haina zulia, na wewe ulidhani ni kwa sababu ya vumbi.

Bibi alipona, hilo unalijua. Lakini hili sijawahi kukuambia. Siku ya nne alipotolewa hospitali, baba yako aliingia stoo akatoka na lile bomba la chuma mlilokuwa mkilibeba mabegani mkicheza vita, mkiliita mzinga. Akaliweka mbele yangu. Akasema, "Ulilalamika mafuta."

Ilikuwa ndiyo propela. Aliipeleka gari kwa fundi miezi saba kabla, akaifungulisha, kwa kuwa mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwa nahesabu risiti za mafuta kwa sauti, na mtu alimwambia gari likivutwa nyuma tu halinywi. Nami niliiruka ile propela kila nilipoingia stoo kuchukua ufagio. Kilichonichoma zaidi nilikuja kukijua mwaka uliofuata, kwa fundi mwingine. Kwenye gari la loki za mkono, ukizifungua loki, ile propela ya mbele wala haizunguki. Inakaa tu. Kwa hiyo hata hiyo akiba haikuwepo.

Sasa ninachojiuliza mpaka leo si kwa nini aliifungua. Ni kwamba alijua. Alikaa pembeni yangu, mama yake mzazi nyuma, akaniona nakata kona kuelekea bondeni, akaniona nazungusha loki, akaiona taa. Hakusema. Kuna siku namuona mwoga. Kuna siku nasema, angesema nini, Mungu amrehemu, kwa mwanamke aliyekuwa anaendesha huku analia? Labda alidhani tutapita. Labda kelele zangu za risiti ndizo zilizomfunga mdomo. Lakini angesema, ningepita mlimani. Hilo tu. Gari linalovutwa na magurudumu mawili lingetufikisha vizuri kabisa kwa njia ya mlimani, kama tungejua kwamba ni la magurudumu mawili.

Kwa hiyo ukiniuliza gari gani, mimi nasikia: nani nyumbani mwako atajua ukweli wa hilo gari? Mkwe wangu anaweza kuendesha gia ya mkono? Anajua propela ni nini? Anajua jeki iko wapi, na spana ya nati za tairi inaingia vizuri au imelegea? Siku ya dharura wewe unaweza kuwa ndiye uliyelazwa nyuma.

Sikufundishi kukagua gari, kaka yako atakuandikia kurasa. Mimi nina machache. Usilipie kabla hujaingia chini na tochi na kuziona propela mbili kwa macho yako. Usimwachie muuzaji akuonyeshe taa. Litafutie ardhi laini, mchanga au tope, uingize fowili, kisha ile gia nzito, uone magurudumu ya mbele yanachimba. Si kwenye lami kavu: magari ya aina hii kwa kawaida hayana difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa, kwa hiyo gia zinajisokota zenyewe, unavunja ulichokuja kupima. Toa kijiti cha oili; ukikuta rangi ya maziwa, maji yameingia, funga boneti uage. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ya spea, ambayo kila mtu huisahau. Na ukija kuvutwa, kamba isifungwe kwenye ile gololi ya kuvutia tela. Ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu.

Maji yanayokwenda usiyajaribu. Sentimita 30 za maji zinaweza kuliinua gari dogo likaelea, 60 zinabeba hata hayo makubwa. Fowili haibadilishi hesabu hiyo, gari likielea magurudumu manne ni sawa na sufuri. Na injini ikinywa maji kupitia eya klina, inapinda vyuma vyake vya ndani palepale.

Mkwe wangu ameniandikia pembeni (usimgombeze) kwamba yeye angechukua RAV4, gari la kawaida la siku zote. Sikumjibu, kwa sababu ana hoja na sikutaka kukubali haraka. Halina gia nzito. Lakini siku mbaya nyingi haziamuliwi na tope, zinaamuliwa na nani aliondoka mapema tangi likiwa limezidi nusu. Gari la kila siku linakwambia lenyewe likianza kuumwa. La kuwekwa banda linaumwa kimya, betri inakufa, petroli inachacha ndani ya miezi michache, panya wanakula waya. Ndiyo maana baada ya usiku ule niliwapakia kila Jumapili ya kwanza tukazunguka na fowili kwenye ule uwanja wa matope nyuma ya shule, mkiinama vitini ili wenzenu wasiwaone. Kitu usichokijua siku ya jua. Hamkunielewa. Ukinunua la kuegesha tu, heri fedha uiweke.

Lakini basi naona pia kwamba RAV4 lisingepita lile bonde hata likiwa zima. Na Jimny lingepita, bila bibi kuwa na pa kulala. Na lile kubwa lingepita na sote ndani, kama lina propela. Ukinibana nitalitaja, na wewe unajua nitakalotaja, kwa hiyo usinibane. Uzito ule unanitisha. Tani mbili zilivyokaa bondeni niliziona. Sijui. Angalia kwanza chasisi ya hilo kuukuu kama haijaliwa na kutu, ndipo uniulize tena.

Propela ya baba yako bado ninayo, iko stoo nyuma ya mapipa. Gari lenyewe tuliliuza propela ikiwa imerudishwa mahali pake, lakini mnunuzi alitaka mpya, akaifungua mbele yangu akaiacha, nami sikuitupa.

Ukishapata gari, lolote lile, lilete hapa kabla hujampa muuzaji fedha yote. Tochi ninayo. Magoti ndiyo yamekataa, kwa hiyo chini utaingia wewe, mimi nitakaa kwenye kigoda nikuulize unaona nini.

Mama yako