Mdogo wangu, hiyo sindano usiiache Ijumaa

Usiache! Salamu baadaye. Umeandika kwamba umepungua kilo 18 kwa semaglutaidi, sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito, mzani umefika ulikotaka, Ijumaa hii unachoma ya mwisho halafu basi. Ukauliza unywe chai gani ya majani ili kilo zisirudi, na ngozi ya tumbo iliyolegea uifanyeje. Nimesoma nikiwa dukani, nikamwacha mteja na doti yake mkononi. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, hapa hapa Tanga, na nilichovuna nakijua.

Mimi nilishuka kutoka kilo 104 hadi 83. Daktari wa Dar aliniandikia dawa kwa sababu sukari ilikuwa inapanda na magoti hayanishiki. Alinipandisha dozi taratibu: miligramu 0.25 kila wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, kisha 1. Huyo simlaumu hata kidogo. Nilipochoka safari za Dar nikajikabidhi kwa mtu wa mjini hapa anayejiita mshauri wa lishe, anauza dawa kwa WhatsApp na kurusha picha za watu kabla na baada. Nilipogonga 83 akaniambia, "Mama, kozi umemaliza. Mwili umeshazoea kula kidogo."

Kozi! Kama dawa mseto ya malaria, siku tatu vidonge vimekwisha, mgonjwa kainuka. Neno hilo moja limenigharimu kuliko hela zote nilizompa. Mama yangu ana presha miaka mingi. Kipimo kikisoma 120 kwa 80 hakuna anayemwambia amepona atupe vidonge, kinasoma hivyo kwa kuwa anavimeza. Mimi ndiye ninayemkumbusha kila asubuhi! Na bado mtu asiyejua kushika hata kipimo cha presha akaniambia unene wangu umemaliza kozi, nikamwamini, nikamshukuru na khanga juu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo utakapodanganyika na wewe. Wiki ya kwanza bila sindano, shwari. Ya pili, shwari. Ya tatu nikawatangazia wenzangu wa kijumbe kwamba kuacha ni kazi ndogo, ni moyo tu. Sikujua kwamba dawa hii hutoka mwilini polepole mno. Baada ya wiki nzima imepungua nusu tu, wiki nyingine nusu ya iliyobaki, hivyo mwezi mzima ilikuwa bado inanifanyia kazi. Nilidhani ni nguvu yangu. Wawili katika wale wenzangu wakaacha dawa zao kwa maneno yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ya sita njaa ikabisha hodi. Si njaa ya mtu aliyechelewa kula. Nimemaliza wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani bado ina unyevu, mkono unarudi kwenye sufuria. Saa nne asubuhi mahamri na mbaazi, alasiri mihogo, saa tisa usiku nimesimama jikoni gizani nikila chapati baridi. Nilijiona sina haya. Nikajificha hata nisiende harusini.

Daktari niliye naye sasa ndiye aliyenitoa aibu hiyo. Aliniambia utumbo wetu hutoa homoni baada ya kula, inayouambia ubongo tumeshiba na kuchelewesha chakula tumboni. Sindano inaiga homoni hiyo. Ukiitoa, sauti ile inanyamaza, na mwili uliopungua unataka kurudi ulikokuwa, huku ukitumia nguvu kidogo kuliko zamani. Akanionyesha utafiti uliochapishwa mwaka 2022: watu walitumia semaglutaidi wiki 68 pamoja na kufuatiliwa mlo na mazoezi, kisha vyote vikasimamishwa. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Theluthi mbili, mdogo wangu. Mimi nilirudisha kilo 16 kati ya 21, ndani ya miezi 11.

Na hizo kilo 16 hazikurudi kama zilivyoondoka. Wakati napungua nilikuwa nakula chai na kipande cha mkate mchana kutwa kwa kuwa hamu haipo, nikijisifu. Mazoezi sikufanya hata siku moja. Dalili niliiona dukani nikaipuuza: nilizoea kubeba majora mawili ya kitenge kutoka stoo, nikafika mahali jora moja linanitetemesha mikono. Misuli ilikuwa inakwenda pamoja na mafuta. Kilo ziliporudi, yalirudi mafuta, mikono ikabaki vile vile.

Kuhusu chai. Mshauri yule aliniuzia ya kwake, ya "kulinda matokeo". Nilimpelekea mfamasia, akanusa, akasema sanamaki hii. Inakuharisha, ukipanda mzani asubuhi umepungua maji. Mafuta yapo pale pale. Nimekunywa miezi mitatu nikiamini nalindwa. Mtu anayemuuzia mwenzake kuharisha kwa jina la lishe sijui analala vipi.

Kanuni yangu ni hii na sitaibadilisha: mazoezi na mlo vishike kwanza, miezi, viwe kama kuswali, ndipo ukae na daktari mzungumze kama dozi ipunguzwe, ibaki ilivyo, au iachwe. Wengine wataendelea nayo miaka, na si aibu. Kule Copenhagen walichukua watu 195 waliopungua kwa wastani wa kilo 13 kwa mlo mkali wa wiki nane. Wakawagawa kwa mwaka mmoja: wengine mazoezi, wengine liraglutaidi, ndugu ya dawa yako, wengine vyote viwili, wengine sindano isiyo na dawa. Waliofanya vyote viwili ndio waliofanikiwa zaidi. Na mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa, waliokuwa wakifanya mazoezi pamoja na dawa walishikilia vizuri kuliko waliotegemea dawa peke yake. Dawa ikiwepo, njaa imelala, ndio wakati wa kujenga. Mimi muda ule niliupoteza wote nikijitazama kwenye kioo.

Nimeanza upya, dozi ya 0.25 tena. Sahani yangu naanza na samaki, au mayai, au maharage, wali unakuja nyuma na ni kidogo. Mbaazi nakula, tui nimepunguza. Baiskeli nusu saa siku tano za wiki, na Tanga hii tambarare haina kisingizio. Jumanne na Jumamosi nabeba madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, nainua na kuchuchumaa nayo uani, watoto wakihesabu. Mwezi uliopita nilibeba majora mawili. Nikakaa juu yake pale stoo, nikalia.

Kwa hiyo Ijumaa choma kama kawaida, isipokuwa daktari wako amekwambia vingine. Jumatatu nenda kwake, mwambie ulichotaka kufanya, mwulize mpango wa mwaka mzima. Na kama uko Chumbageni kweli kama ulivyoandika, si mbali. Saa kumi na moja jioni niko barabara ya Raskazone na baiskeli yangu. Njoo na viatu, kandambili ziache nyumbani.