Infer na imply: ukiijua asili yake ya Kilatini hutazichanganya

Mkuu, umeuliza neno la Kiingereza infer (kuhitimisha kutokana na ulichosikia) limetoka wapi na kwa nini mwalimu anakukata maksi ukiliweka penye imply (kudokeza). Infer ni Kilatini, inferre, hiyo in ni ndani na ferre ni kubeba au kuleta, so ni kuleta ndani, na ferre hiyohiyo ndo imezaa refer, transfer, prefer, confer na wenzake. Afu ferre ni kitenzi kikorofi balaa, wakati uliopita inageuka tuli, halafu kuna umbo lake jingine, latum, lililozaa ile -late, na ndo maana translate ni ndugu wa damu wa transfer ingawa kwa macho hawafanani kabisa.

Imply sasa ni ukoo mwingine, implicare, kukunja ndani, ikapitia Kifaransa cha zamani ndo ikafika Uingereza. Kwa hiyo msemaji ndo anayekunja maana ndani ya maneno yake, kama hela kwenye pindo la kanga, msikilizaji ndo ana-infer, anabeba alichosikia mpaka kwenye hitimisho. Bosi akisema "kesho tujitahidi kuwahi" huku anakuangalia, yeye ka-imply, wewe uliyeshtuka ume-infer.

Ukweli ni kwamba tangu karne ya 16 kuna Waingereza waliotumia infer kwa maana zote mbili na kamusi zinalitaja hilo, ila kwenye mtihani usijaribu huo ubishi. Na spelling, inferred ina r mbili katikati, inference moja tu.